Alama Mkononi Imsemeayo Asiyeweza Kusema



Msimu wa karafuu unakaribia, na kama ilivyo ada, kila mwenye shamba sasa yumo katika shughuli. Huyu anapalilia chini ya mikarafuu, huyu anashona majamvi, na huyu anapeleka maneno shehia za mbali kutafuta wachumaji. Mara nyingi tumeandika katika kurasa hizi juu ya uchumaji mzuri na uanikaji mzuri, maana hayo ndiyo yatupatiayo daraja la kwanza kituoni. Leo twaomba ruhusa yenu tuandike juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni uhai wa yule apandaye mti.

Sote twajua kwamba mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake ni jepesi kuvunjika; huvunjika bila ya kumpa mtu nafasi ya kushika tawi jingine. Mtu akianguka, sisi tulio chini hutazama yale yanayoonekana: damu, jeraha, mfupa uliotoka mahali pake. Lakini lipo jambo jingine ambalo jicho halilioni, nalo ni maradhi aliyopanda nayo mtini. Pengine ana kisukari. Pengine ana kifafa. Pengine anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Pengine mwili wake haukubali sindano ya penisilini. Mwenyewe amezimia, hawezi kusema. Mama yake, ajuaye yote hayo, yuko Micheweni, naye kaanguka Mkoani.

Hapo ndipo daktari au nesi anapouliza maswali matatu: Mtu huyu ana maradhi gani? Anatumia dawa gani? Ipo dawa inayomdhuru? Na wale waliombeba hutazamana. Pengine hawajui hata jina la baba yake, maana kambini alikuwa akiitwa kwa lakabu tu.

Jambo hili lina shauri nyepesi, nalo ni hili: khabari ya maradhi yako iwe juu ya mwili wako. Isiwe katika daftari la kambi, wala katika sanduku nyumbani, wala kichwani mwa mama yako peke yake, bali iende pamoja nawe kokote utakakobebwa. Iandikwe katika kibati kidogo au kadi, kwa maneno machache, na mtu aivae kama avaavyo saa.

WALIVYOANZA WENZETU

Shauri hili si jipya duniani. Jeshi la Marekani liliamua mwaka 1906 kuwapa askari wake vibati vya kuvaa shingoni, ili afaye vitani ajulikane ni nani. Katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia vibati hivyo vilikuwa na khabari za kumfaa aliye hai pia, kama kundi lake la damu na mwaka aliochanjwa kinga ya pepopunda.

Ama kwa raia, kisa mashuhuri ni cha mji mdogo wa Turlock, katika jimbo la California. Mwaka 1953 binti mmoja wa miaka 14, jina lake Linda, mtoto wa Dr. Marion Collins na mkewe Chrissie, alijikata kidole. Alipopelekwa hospitali akatiwa kiasi kidogo tu cha dawa ya pepopunda, kwa kujaribu kama mwili wake utaikubali. Dawa hiyo zama zile ikitengenezwa kutokana na damu ya farasi. Kiasi kile kidogo kilitosha kumfikisha ukingoni mwa mauti. Mwenyezi Mungu akamnusuru.

Tangu siku hiyo wazazi wake wakawa na khofu. Baba ni daktari, naye ajua nini mtoto wake asipewe. Lakini baba hawezi kumfuata mtoto kila aendako. Wakawa wakimwandikia kikaratasi cha kuvaa kila anapotoka kwenda mbali. Baadaye akatengenezewa na sonara wa San Francisco bangili ya fedha, ikachongwa majina ya dawa zinazomdhuru: aspirini, dawa za salfa, na dawa ya pepopunda. Watu walipoiona wakaitamani, na mwaka 1956 wazazi wale wakaanzisha taasisi isiyotafuta faida, iitwayo MedicAlert, ya kuwapatia wengine alama kama ile. Mwaka 1963 chama cha madaktari wa Marekani kikatoa alama moja ya kutumiwa na wote, yenye nyota ya ncha sita na fimbo iliyozongwa na nyoka, ili mwenye kuiona ajue mara moja kuwa hapa pana khabari ya maradhi.

Tumekieleza kisa hiki kwa sababu moja. Ikiwa mtoto wa daktari, katika nchi yenye hospitali nyingi na simu nyingi, alihitaji maandishi mkononi mwake, je, mchumaji wetu alalaye kambini mbali na jamaa zake?

HII SI HIRIZI

Huenda wapo watakaotuuliza, "Je, Katibu, mwatutaka tuvae hirizi?" La, sivyo. Hirizi hushonwa na kufungwa ili isisomwe na mtu, na mwenye kuivaa hutaraji kwamba itamkinga. Alama hii huandikwa waziwazi ili isomwe, nayo haikingi kitu. Haizuii tawi kuvunjika wala haiponyi maradhi. Kazi yake ni moja tu, kusema kwa niaba ya mtu ambaye ulimi wake umenyamaza.

Tena tazameni jinsi tunavyoziangalia karafuu zetu. Gunia haliondoki shambani bila ya kujulikana ni la nani. Likifika kituoni hupimwa, hutazamwa daraja, na mwenyewe akapewa stakabadhi. Lakini aliyezichuma karafuu hizo hupanda mti pasi na hata kikaratasi. Kitambulisho cha Mzanzibari, kama anacho mfukoni, chaeleza yeye ni nani. Hakielezi kuwa asubuhi ile amejidunga insulini.

NANI KHASA AVAE

Si kila mtu ana haja ya alama hii. Aliye mzima, asiye na dawa anayoitumia daima wala dawa inayomdhuru, jina lake na namba ya simu ya jamaa yake zatosha. Wenye haja kubwa ni hawa wafuatao.

Wa kwanza ni mwenye kisukari, khasa anayedunga insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari. Mtu wa namna hii akitumia dawa yake kisha akapanda mti tangu alfajiri bila ya kula, sukari huweza kushuka kupita kiasi. Huanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, kisha husema maneno yasiyoeleweka, hupepesuka kama mlevi, na mwisho huzimia. Na mwezi wa Ramadhani unapoingia ndani ya msimu, khatari huzidi; basi mwenye maradhi haya amuone daktari kabla ya mwezi kuandama, apate kuelezwa kama aweza kufunga na namna ya kutumia dawa zake.

Mwanachama mmoja alitusimulia khabari ya kijana aliyekuwa akichuma katika shamba la jirani yake, msimu mmoja uliopita. Kijana alishuka mtini salama, hakuanguka, lakini akakaa chini akawa anatukana watu na kucheka peke yake. Wenzake kwanza walidhani amekunywa pombe, wakamwacha. Kisha wengine wakasema ana shetani, akaletwa mtu wa kumsomea. Saa zikapita. Alipozimia kabisa ndipo ilipotafutwa gari. Hospitali wakamchoma kidole, wakapima, wakaona sukari iko chini kabisa, wakamtia sukari kwa mshipa. Mwenyezi Mungu alimjaalia kupona. Lakini maneno ambayo yangeliokoa saa zile zote ni mawili tu, "Ana kisukari," na hapakuwa na mtu wala kitu cha kuyasema. Pale alipokuwa bado aweza kumeza, bilauri moja ya maji ya sukari ingelitosha kumrejesha.

Wa pili ni mwenye kifafa. Huyu akishikwa, asiyemjua hukimbilia kumtia kijiko mdomoni au kumkandamiza viungo, na yote mawili ni makosa. Ipaswavyo ni kumwondolea vitu vya kumuumiza, kumlaza ubavu anapotulia, na kutazama saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, apelekwe hospitali upesi.

Wa tatu ni yule ambaye mwili wake hukataa dawa fulani, jambo waliitalo siku hizi mzio. Penisilini ni dawa njema iliyookoa watu wengi, lakini kwa mtu asiyekubaliana nayo sindano moja huweza kumvimbisha koo na kumkata pumzi kwa muda wa dakika chache. Pamoja na hawa tuwataje wenye upungufu uitwao G6PD, ambao hupatikana zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi, kama huku kwetu pwani. Baadhi ya dawa, kama primakwini, huweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao.

Wa nne ni anayekunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini, ambayo hupewa baadhi ya wenye maradhi ya moyo. Akijigonga kichwa, nje paweza kuonekana uvimbe mdogo tu, kumbe ndani damu yatoka haisimami. Daktari akijua mapema, zipo dawa za kulipinga jambo hilo. Asipojua, huenda akamwambia apumzike tu.

Wa tano ni mwenye maradhi ya seli mundu, ambaye kiu na uchovu huweza kumletea maumivu makali mno ya mifupa na kifua. Na wa sita ni mwenye pumu, ambaye mwenye kumsaidia yampasa ajue kuwa bomba lake la dawa limo mfukoni mwake.

NINI KIANDIKWE

Kibati ni kidogo, basi maneno yawe machache. Liandikwe jina kamili, si lakabu, maradhi yenyewe, dawa inayotumiwa kila siku, dawa isiyofaa kupewa, na namba ya simu ya mtu mmoja au wawili wanaomjua. Kwa mfano: "KISUKARI. INSULINI. PENISILINI HAPANA. PIGA SIMU KWA MKE," kisha namba. Hayo yatosha.

Jina la dawa linakiliwe herufi kwa herufi kama lilivyo katika pakiti, wala lisiandikwe kwa kukisia. Hospitali zetu zina madaktari wa nchi mbali mbali. Hao wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu mwaka 1964. Daktari mgeni huenda asijue maneno "dawa ya moyo," lakini jina la dawa lilivyo katika pakiti atalitambua.

Wengi hutaka kuandika kundi la damu. Si vibaya, lakini mtu asilitegemee. Hospitali haimtii mgonjwa damu kwa kusoma kibati. Itapima damu yake kwanza, na ndivyo ipasavyo. Kama nafasi ni ndogo, bora iandikwe dawa inayomdhuru.

Mwenye kubadilishiwa dawa na alama yake aibadilishe, maana khabari iliyopitwa na wakati yaweza kumpoteza daktari. Na kabla ya kuchonga lolote, nendeni na daftari lenu la kliniki kwa daktari au nesi, awaandikie yeye maneno yenyewe.

NAMNA YA KUIVAA

Mpandaji wa miti asivae mkufu mgumu shingoni. Tawi likiunasa, kitu kilichokusudiwa kumwokoa chaweza kumkaba. Kadhalika bangili pana inayocheza mkononi hunasa. Lililo bora ni kibati kidogo kilichoshonwa juu ya mkanda wa saa au mkanda wa kitambaa, kikabana mkononi. Hata mwanamume anayeona uzito kuvaa bangili hapati taabu kwa mkanda wa saa. Mwanamke naye aweza kukivaa mkononi chini ya mkono wa baibui, na mwenye kumsaidia ataona akimpima mshipa.

Kibati cha chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko kadi, na mafundi wa kuchonga mihuri na masonara wanaweza kukiandika. Asiyeweza gharama na aandike kadi, aitie ndani ya nailoni ngumu isipate jasho, aiweke mfuko mmoja siku zote.

Ama simu za mkononi, nazo zina faida yake. Mwaka 2005 Bob Brotchie, mtumishi wa gari za wagonjwa huko Uingereza, aliwashauri watu waweke katika simu zao namba ya jamaa wa kuitwa wakati wa dharura, kwa jina ambalo mwokozi atalitambua. Tangu hapo simu nyingi zimefanywa kuwa mtu aweza kuandika maradhi yake na namba za jamaa zake, zikasomeka hata simu ikiwa imefungwa. Vijana wanaojua na wawafanyie wazee wao. Lakini mchumaji apandapo mti huiacha simu kambini, na simu huishiwa na moto, na ikianguka huvunjika. Basi simu iwe msaidizi wa kibati, isiwe badala yake.

SIRI NA RIZIKI

Sasa tufike kwenye lililo zito. Watu wetu hawapendi maradhi yao yajulikane, nao wana haki. Siri ya mtu ni sitara yake. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Hatusemi mtu autangazie ulimwengu. Kipimo ni hiki: je, jambo hili litabadilisha msaada nitakaopewa katika saa ya kwanza? Kama litabadilisha, liandikwe. Kama halibadilishi, libaki baina yako na daktari wako. Kibati chaweza kugeuzwa maandishi yakaelekea ndani, asiyasome kila apitaye.

Na ipo sababu nyingine ya kuficha, nayo yatuhusu sisi wenye mashamba. Mchumaji hulipwa kwa alichochuma. Akisema ana kisukari au kifafa, anaogopa ataambiwa, "Nenda zako, sitaki balaa shambani kwangu." Basi hunyamaza, akapanda. Ndugu wanachama, ikiwa alama hii itakuwa sababu ya kumnyima mtu kazi, hapana atakayeivaa, na maneno yetu yote haya yatakuwa bure. Mwenye kifafa ni kweli asipande mti. Lakini kazi ya chini si haba. Kuna kuchambua, kuanika, kugeuza, kuokota na kulinda jamvi mvua isije. Mwenye kisukari aliyekula vizuri na aliyeshauriana na daktari wake huenda akachuma kama mwenziwe, mradi tu walio naye wajue nini wafanye.

UKIMKUTA MTU AMEANGUKA

Kwanza, usimwinue kwa kumshika mikono na miguu; shingo na mgongo vinyooshwe, abebwe juu ya ubao au mlango. Pili, tazama mikono yake, kisha shingo, kisha mifuko, usome alama kama ipo. Tatu, usimvue alama hiyo. Iende naye mpaka hospitali, na yule atakayefuatana naye amwonyeshe daktari. Nne, mpigie simu jamaa aliyeandikwa. Na aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, hata ikiwa imeandikwa kuwa ana kisukari. Maji ya sukari ni ya yule aliye macho na aweza kumeza.

Kamati yenu imekubaliana mambo matatu kwa msimu huu. Kadi zitapigwa chapa na kugaiwa bure kwa kila mwanachama na kila mchumaji wake, nazo zapatikana kwa Katibu. Kila mwenye shamba, kabla ya mchumaji kupanda mti wa kwanza, amwulize faragha kama ana jambo la kuandikwa, na amhakikishie kuwa hatafukuzwa kwa jawabu lake. Na kila kambi iwe na sukari, maji safi, ubao wa kubebea, na namba ya dereva mmoja aliye karibu.

Mwenye swali na alilete ofisini, au alisimamishe katika mkutano wetu kabla ya uchumaji kuanza. Twamwomba Mola auhifadhi msimu huu, wachumaji wote warejee kwao wazima, na kila kadi tutakayoigawa ibaki mfukoni haikusomwa.

Katibu wa Chama